Nataka jina la Kifaransa la binti yangu, na kila mtu nyumbani ana lake

Shikamoo Mama,

Nina ujauzito wa miezi minane na hali yangu ni nzuri, namshukuru Mungu. Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, mume wangu ni wa Bukavu, na tunaishi Lyon, Ufaransa. Tumeshaambiwa ni mtoto wa kike. Atakuwa mjukuu wa kwanza kwa pande zote mbili, kwa hiyo kila mtu ana neno, na neno lenyewe ni jina.

Tangu mimba ilipotulia nimekuwa nikisoma orodha za majina kwenye simu. Nimeyapenda majina ya Kifaransa ya zamani, yale yenye utulivu na heshima. Nimechuja hadi nimebaki na matano: Margaux, Héloïse, Éléonore, Clémence na Apolline. Orodha inasema Margaux ni lulu, Héloïse ni jua, Éléonore ni nuru, Clémence ni huruma, na Apolline ni la mungu Apollo wa Wagiriki. Nilikuwa pia na Cécile, kwa kuwa niliambiwa maana yake ni muziki, lakini mkunga wangu wa hapa kasema nusu ya wanawake wa rika lake wanaitwa hivyo, nikaliacha.

Mume wangu hataki hata moja. Yeye alizaliwa 1991 akapewa jina la kikanisa, mojawapo ya yale yanayoanza na Dieu, yaani Mungu. Kwao ni jina la heshima, lakini hapa kazini wenzake wanamwambia ni jina la babu zao. Anasema, "Wazazi wangu walinipa Kifaransa, nikaja Ufaransa nikachekwa nalo. Binti yangu ataitwa Furaha, basi." Mimi sina ugomvi na Furaha. Lakini naogopa. Jina langu mwenyewe huku wanalivunja vipande kila ninapoitwa hospitali au benki, na sitaki mwanangu aanze shule kwa kulitetea jina lake.

Halafu kuna baba mkwe. Ni mzee sana sasa. Alibatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa, lakini mwaka 1972 alipokuwa mwalimu kijana alilazimika kulifuta kwenye karatasi zake zote na kubaki na la ukoo. Mume wangu amekua bila kusikia mtu akimwita baba yake kwa jina lile. Majuzi kwenye simu mzee akasema taratibu, "Kama mtamchagulia jina la Kifaransa, kwa nini lisiwe langu?" Halafu akabadilisha mazungumzo. Jina hilo silitaji hapa ili tusijulikane.

Mama yangu naye nilimtumia orodha kwa WhatsApp. Akanipigia akisoma kama ilivyoandikwa: "Margauksi ndiye nani? Na huyu Heloise?" Nilipomtamkia Kifaransa chake akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nitamwita Mjukuu tu." Hilo limeniuma kuliko yote. Dada yangu ndiye aliyemalizia: kasema naona aibu ya kwetu.

Naomba unisaidie. Je, ni kosa kupenda majina haya? Maana zake ni za kweli? Na tukishindwa kuelewana itakuwaje, maana nasikia huku baada ya kujifungua unapewa siku tano tu?

Mama Kijacho, Lyon

*

Marahaba mwanangu, na Mungu akufungue salama.

Katika barua yako yote, aliyenishika ni baba mkwe wako, kwa hiyo naanza na yeye. Vijana wengi hawaujui uzito wa jambo lililompata. Oktoba 1971 Mobutu aliibadilisha Kongo ikawa Zaire, na mwanzoni mwa 1972 akageukia majina ya watu. Yeye mwenyewe, aliyekuwa Joseph-Désiré Mobutu, akawa Mobutu Sese Seko. Kila aliyebatizwa akatakiwa kuliweka pembeni jina la kigeni na kuchukua la mababu. Padri ambaye angembatiza mtoto wa Kizaire kwa jina la Kizungu alitishiwa kifungo cha miaka mitano. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, na mzozo ukamfanya aende kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Hali iliendelea hivyo hadi Aprili 1990, Mobutu alipolegeza kamba za chama kimoja. Utaona basi kwa nini mumeo, mtoto wa 1991, alipewa jina la Dieu-kitu-fulani: wazazi wake walikuwa wakifurahia ruhusa iliyorudi mwaka mmoja tu nyuma.

Nia ya kuyaheshimu majina ya mababu ilikuwa na haki yake, na sitaidharau. Ila mwalimu kijana aliyeamriwa kujifuta jina aliloitwa na mama yake tangu utotoni hakuulizwa. Miaka zaidi ya hamsini baadaye anauliza swali moja kwa sauti ya chini na kubadilisha mazungumzo. Mwanangu, mzee wa namna hiyo harudii ombi. Ni juu yenu kulirudia kwa niaba yake.

Na jambo hili linawezekana bila mtoto kubeba jina la kiume. Majina ya Kifaransa mengi ya wanaume yana dada zake. Célestin ana Célestine, na yote mawili maana yake ni "wa mbinguni". Augustin ana Augustine, Justin ana Justine, Aurélien ana Aurélie, lenye mzizi wa dhahabu. Clément ana Clémence na Clémentine, Joseph ana Joséphine, Bernard ana Bernadette, Félicien ana Félicienne, Pascal ana Pascale aliye wa Pasaka. Jean ana Jeanne, na hapo maana ni ile ile ya Yohana, kwamba Mungu ana neema. Sijui la mzee ni lipi, lakini kwa kuwa ni la mtakatifu wa kalenda, bila shaka mtapata dada yake, au angalau ndugu wa karibu. Tena baadhi ya hayo, kama Joséphine, Jeanne na Augustine, ni majina ambayo Wafaransa wenyewe wanawapa watoto wao leo. Huenda mzee anaomba jina linalopendeza kuliko mnavyodhani.

Sasa nije kwenye upendo wako wa majina haya. Si kosa hata kidogo. Ila ujue unachokipenda.

Kwa muda mrefu Mfaransa hakuwa huru kumpa mtoto jina alitakalo. Sheria ya 1803, enzi za Napoleon, iliruhusu majina ya kwenye kalenda na ya watu mashuhuri wa historia ya kale tu. Ililegezwa 1966, na ni tarehe 8 Januari 1993 ndipo sheria mpya ilipowaachia wazazi wachague. Mwaka 1991, katika kipindi hicho cha kulegezwa, jina lililoongoza kwa wavulana wa Ufaransa lilikuwa Kevin, jina la Kiayalandi lililobebwa na filamu na tamthilia za Marekani. Wale wavulana walipokua, jina lao likawa la kudharauliwa. Wenye nacho, ambao hawakulitumia sana, walilicheka, na wenye jina wakaonekana watu wa chini kabla hawajafungua mdomo. Mwanasosholojia Baptiste Coulmont amelinganisha kwa miaka majina ya watahiniwa wa baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari, na matokeo yao, akaonyesha kwamba baadhi ya majina yana sehemu kubwa zaidi ya waliopata "très bien", yaani vizuri sana. Jina halimfaulishi mtu. Linaeleza tu wazazi wake ni wa tabaka gani.

Nakwambia haya kwa sababu Apolline, Héloïse na Éléonore, masikioni mwa jirani yako wa Lyon, yanasikika kama majina ya familia za nyumba kubwa. Wewe umeusikia utulivu wake, na utulivu huo upo kweli. Lakini "hadhi" katika jina la Kifaransa mara nyingi ni fasheni ya tabaka, na fasheni inazunguka. Louise na Jeanne yalikuwa juu kabisa miaka ya 1900 na kuendelea, yakazeeka, yakaachwa, kisha wajukuu na vitukuu wakayarudisha. Louise limekuwa miongoni mwa majina ya mbele kabisa miaka hii ya karibuni. Wanaomcheka mumeo leo kwa kuwa na jina la babu zao, wenyewe wanawapa watoto wao majina ya bibi zao.

Kuhusu maana, orodha yako imesema kweli mara mbili na nusu.

Clémence ni sahihi. Linatoka kwenye Kilatini, clementia, huruma ya mwenye uwezo wa kuadhibu akaacha. Sisi tungesema Rehema. Hili nalipenda, ila nikupe tahadhari ambayo hutaikuta kwenye orodha za Paris: Tanzania Clemence ni mwanamume mara nyingi, sawa na Laurence na Gaudence, wakati Ufaransa Laurence ni mwanamke bila ubishi na mwanamume ni Laurent. Binti yako akija Kigoma likizo ataandikiwa "Bwana" kwenye tiketi. Si balaa, lakini ulijue.

Margaux ni sahihi pia. Ni umbo la Marguerite, kutoka Kigiriki margarites, lulu, na kwa Kifaransa marguerite ni pia lile ua jeupe lenye moyo wa njano. Mwandiko huo wa "-aux" ni wa kijiji cha mvinyo karibu na Bordeaux. Wengine huandika Margot, na mama yako angelisoma hilo bila "ksi". Kwa hili nina jambo la kukufurahisha. Wafaransa wana jina la kubembeleza watoto, Lulu, wanalowaita akina Louise na Lucie, na hawatashangaa mkimwita hivyo Marguerite wenu. Kigoma wakimwita Lulu wanataja maana yenyewe ya jina lake, na Lyon wakimwita Lulu wanambembeleza kwa desturi yao. Hakuna atakayelivunja.

Apolline ndiyo ile nusu. Mzizi ni Apollo, kweli, lakini waliolieneza jina Ufaransa hawakuwa wakimwabudu Apollo. Walimkumbuka mtakatifu Apollonia, aliyeuawa Alexandria, Misri, mwaka 249, baada ya kung'olewa meno. Sikukuu yake ni tarehe 9 Februari, na wenye maumivu ya meno wanamwomba awaombee. Kwetu yuko kaka yake, Apolinari, kwa hiyo Kigoma si jina geni kabisa.

Éléonore kuitwa "nuru" ni kwa kufananishwa na Helena. Wataalamu hawajakubaliana juu ya asili yake. Tunachokijua ni mwanamke aliyelibeba hadi likawa kubwa: Aliénor d'Aquitaine, aliyezaliwa karibu na 1122, akawa malkia wa Ufaransa, kisha malkia wa Uingereza, akafa 1204. Mama yake aliitwa Aénor, na simulizi ya zamani inasema mtoto aliitwa alia Aenor, "Aénor mwingine". Ukiipenda simulizi hiyo, basi hata malkia huyo alibeba jina la mzazi wake, na baba mkwe wako hajaomba jambo la ajabu.

Héloïse si jua. Limefanana tu na helios ya Kigiriki, lakini mzizi wake ni wa Kijerumani cha kale. Mwenye jina aliyelipa sifa ni Héloïse wa karne ya 12, mwanamke msomi kuliko wanaume wengi wa siku zake, aliyekufa 1164 akiwa mkuu wa monasteri. H haitamkwi. Mama yako akifundishwa "Eloizi" ataweza bila shida.

Na lile Cécile uliloliacha, muziki umekuja kwa sababu mtakatifu Sesilia ndiye msimamizi wa wanamuziki. Jina lenyewe ni la ukoo wa Kirumi, na neno lililo ndani yake ni caecus, kipofu. Claude, ambalo marais wa makampuni na maaskofu wamelibeba, linatokana na neno la mtu anayechechemea. Sikwambii haya ili uogope. Maana ya mzizi haina uchawi. Wenye majina hayo wameona na kutembea. Nataka tu usichague jina kwa sababu ya neno moja lililoandikwa mbele yake na mtu asiyejulikana. Wakati huohuo yapo majina ambayo maana yake ni ya uhakika na haiandikwi sana: Aurore ni alfajiri, Irène ni amani, Sophie ni hekima, Zoé ni uhai, Chloé ni chipukizi bichi la mmea, Aimée ni aliyependwa, Renée ni aliyezaliwa upya. Mélanie ni mweusi, kutoka Kigiriki. Ningekuwa nalea binti mwenye rangi yetu katika mji wa Ufaransa, hilo ningelitamka kwa kichwa kilichoinuka.

Nimefika kwa dada yako na neno lake la aibu. Amekosea, na nakuomba umwambie kwa upole kuwa mengi katika majina haya yalipita Afrika kabla ya kufika Ufaransa. Monique, mama wa Augustin, alikuwa mwanamke wa Afrika ya Kaskazini, na Augustin alizaliwa Thagaste, Algeria ya leo, mwaka 354. Apollonia ni wa Misri. Perpétue na Félicité waliuawa Carthage, Tunisia ya leo, tarehe 7 Machi mwaka 203. Na karibu nasi, Wakongo hawakupokea majina ya Kifaransa na kukaa kimya; wametengeneza yao. Plamedi ni mpango wa ajabu wa Mungu, plan merveilleux de Dieu, uliofupishwa. Gradi ni neema ya Mungu, Glody ni utukufu wake. Hakuna Mfaransa aliyewahi kuyafikiria. Dieumerci Mbokani na Trésor Mputu wamevaa jezi ya taifa kwa majina ambayo ni Kifaransa kwa maneno na Kongo kwa roho. Mumeo naye ni mtoto wa mila hiyo, na wenzake wa kazini wanaocheka hawajui wanacheka nini.

Nimemtaja Félicité. Naomba nisimame hapo.

Alikuwa mtumwa, mjamzito, aliyefungwa kwa imani yake pamoja na bibi mmoja wa familia bora, Perpétue. Alijifungua binti akiwa gerezani, na mwanamke Mkristo akamchukua mtoto na kumlea. Jina lake kwa Kilatini ni Felicitas, na maana yake ni heri, yaani furaha. Bukavu na Bujumbura wanawake wengi wanaitwa Félicité. Kigoma na Tanzania nzima tuna Felista, ambaye ni yeye huyo, na mama yako lazima anawajua kadhaa. Kwenye misa, padri akisoma sala ya kwanza ya Ekaristi nzima, analitaja. Lyon ni nadra siku hizi, ni la zamani, lina utulivu ule ule uliokuvuta kwenye Éléonore, na kila Mfaransa anaweza kuliandika bila kuuliza. Na mumeo, anayesema "Furaha, basi", anataka neno lile lile.

Sikulazimishi. Huenda utalisikia na moyo usitikisike, na jina ambalo halimtikisi mama yake haliwi jina. Lakini liweke kwenye orodha yako, mwite mtoto nalo siku mbili tatu akiwa bado tumboni, na umwambie mama yako asikie. Kama jibu lake litakuwa "Felista wangu", utakuwa umejua.

Sasa mambo ya karatasi, ambayo yanatisha kuliko yalivyo.

Siku tano ni kweli. Siku ya kujifungua yenyewe haihesabiwi, na kama siku ya mwisho ni Jumapili au sikukuu, muda unasogezwa. Kuandikisha kunafanyika mairie, ofisi ya meya ya mahali alipozaliwa mtoto, si mnapoishi, na hospitali nyingine zina dawati la kazi hiyo humohumo. Baba anaweza kwenda peke yake wakati wewe umelala. Ndiyo maana nataka mkubaliane sasa. Mkipitisha siku hizo, itabidi hukumu ya mahakama, na mtu aliyetoka kujifungua hahitaji mahakama.

Karani hawezi kulikataa jina kwa sababu ni la Kiswahili. Anachoweza, akiona jina litamdhuru mtoto, ni kumjulisha mwendesha mashtaka wa serikali, na jaji ndiye anayeamua. Huko Valenciennes wazazi walimwita binti Nutella, na mahakama ikamfanya Ella. Furaha haiko kwenye kundi hilo.

Tena sheria inawapa nafasi ambayo nadhani mumeo haijui. Mtoto anaweza kuandikwa majina kadhaa, na lolote lililomo kwenye cheti cha kuzaliwa linaweza kuwa jina la kutumiwa kila siku. Kwa hiyo hakuna anayeshindwa kwa jina lake kuwa la pili. Mkiandika Félicité, Furaha, na la mzee likiwa la tatu, binti akifika miaka kumi na tano akataka walimu wamwite Furaha, ni haki yake kisheria. Angalieni alama tu. Mkato kati ya majina unayafanya kuwa mawili. Kistari kinayaunganisha kuwa moja, na hapo hawezi tena kuchukua nusu. Na mwambie mumeo asitafute pa kuweka postnom, lile jina linalofuata la ukoo, kama Kongo. Fomu ya Ufaransa haina kisanduku hicho, na Wakongo wengi wamejikuta postnom imegandamana na jina la ukoo kwenye kila karatasi. Furaha iwekwe kwenye majina ya mtoto, prénoms.

Chagueni pia jina lisiloumia likivuliwa alama zake. Kwenye ile mistari miwili ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine hakuna é wala ï. HELOISE na FELICITE yanaendelea kusomeka. Lakini cheti cha kuzaliwa kina alama zote za Kifaransa, kwa hiyo baba asome rasimu herufi kwa herufi kabla ya kutia sahihi, maana kosa la siku hiyo linafuata mtoto hadi shule, benki na ubalozi.

Kazi ya wiki hii ni simu ya Bukavu. Mpige wewe mwenyewe, mkwe wake, mumeo akiwa pembeni. Usimwambie mmeamua, wala usimwambie mnafikiria. Mwombe akutajie jina lake la ubatizo kwa mdomo wake, alivyoitwa na mama yake, na umuulize mtakatifu wake ni wa siku gani. Mwambie akuandikie barua fupi ya jina hilo, kwa mkono wake kama bado unaweza, muitunze pamoja na cheti cha mtoto. Kisha muulize kama atafurahi mjukuu akilibeba kwa umbo la kike, na kama angependa liwe la kwanza au la tatu. Naamini atasema la tatu latosha. Akisema la kwanza, mwanangu, lichukue, na hayo matano uliyoyapenda yatamsubiri mdogo wake.